Onyesho bila jukwaa: namna ya kuandaa sanaa ya hadharani Feri, Mikindani na mchangani hapa Mtwara

Wadau wa kusini, hii ni kwa vikundi vya vijana vinavyotaka kutoka kwenye kumbi na majukwaa ya sherehe vikafanye kazi pale watu walipo, sokoni, stendi, kwenye foleni ya pantoni, mchangani maji yakitoka. Wengine wanaita pafomansi, wengine sanaa ya hadharani, mimi nitasema onyesho tu tusigombane. Sio ile komedi ya kurekodi na simu mkarushe mtandaoni, wala sio ngoma ya kukodiwa kwenye harusi, ni kazi inayofanyika mara moja mbele ya watu ambao hawakuja kuwaona nyie, walikuja kununua changu au kuvuka Msangamkuu, nyie ndo mmewakuta kwao. Hilo la kwamba wageni ni nyie lishikeni, mana karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatokana na hapo.

Hatua ya 1: Mahali kwanza, stori baadae

Vikundi vingi vinakaa chini vinaandika stori, vinafanya mazoezi mwezi mzima kwenye darasa la shule ya msingi, halafu ndo vinatafuta pa kuipeleka. Geuzeni. Chagueni mahali, nendeni mkakae, bila vazi wala spika, saa tofauti tofauti za siku. Feri, soko letu la samaki, alfajiri boti zinapoingia sio Feri ya saa tisa mchana. Asubuhi kuna mnada, mtu anatupa bei mwingine anapandisha, wabebaji wanapita na ndoo kichwani wanapiga kelele upishwe njia, wapara samaki wako na visu vyao magamba yanaruka, mama ana sufuria la ming'oko ya kuchemsha pembeni. Mchana wamebaki watu wachache wanapiga stori kivulini na paka. Onyesho la mahali hapo asubuhi na onyesho la mchana ni kazi mbili tofauti kabisa.

Mkiwa hapo angalieni vitu vya kawaida tu: kivuli kinaangukia wapi saa ngapi, maji machafu yanapita wapi, njia ya mkokoteni ni ipi, nani akipaza sauti wengine wananyamaza. Huyo wa mwisho mwekeeni alama, mtamhitaji.

Kila sehemu ina tabia zake. Feri maneno hayasikiki, kwahiyo msipeleke kazi ya maneno, pelekeni kazi ya mwili na vitu. Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini, ni kinyume chake, vichochoro vya nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, mibuyu, kimya cha mchana, ukiongea kawaida tu mtu wa nyumba ya tatu anakusikia. Pale unaweza kusimulia. Ila kuta zile ni za kale na zina sheria ya kuzilinda, msigonge msumari, msipake rangi, msipande juu, hata kama kuna picha kali itapatikana. Na jamani mkifanya Mikindani msiishie kwenye Livingstone aliyeanzia safari yake ya mwisho pale 1866, watalii wanaambiwa hiyo kila siku, wenyeji wana mengine mengi, wavuvi, biashara ya watumwa, boma la Wajerumani, muulizeni bibi yeyote anayekaa barazani.

Foleni ya pantoni ya kwenda Msangamkuu ni sehemu nzuri mno mana watu wanasubiri na hawana cha kufanya. Lakini fanyeni kwenye foleni, sio ndani ya chombo. Ndani mtu hawezi kuondoka akichoka na nyie, na isitoshe ule ni usafiri, kivuko kipo chini ya TEMESA, wakala wa serikali, mambo ya usalama majini sio ya kuchezea. Wa Lindi mna pwani yenu hapo mjini na mnaijua kuliko mimi, ila kwa Kilwa Kisiwani nasema tu kwamba magofu yale yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, kibali chake ni habari nyingine, msianzie huko.

Hatua ya 2: Ruhusa ya karatasi na ruhusa ya mdomo

Zote mbili zinahitajika na hakuna inayoziba pengo la mwenzake.

Ya karatasi inaanzia chini. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, halafu Afisa Utamaduni wa manispaa au halmashauri. Huyu Afisa Utamaduni mfanyeni rafiki mapema mana ndo atawaambia kama kazi yenu inahitaji kibali zaidi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndo inayosajili wasanii na vikundi, na michezo ya kuigiza ina sheria yake ya 1976 inayoenda pamoja na filamu, kwahiyo swali la kumuuliza ni moja: hii kazi yetu inahesabika kama nini? Mkipiga nyimbo za watu kwenye spika kuna suala la hakimiliki pia, rahisi zaidi ni kupiga ngoma zenu wenyewe.

Polisi wapeni taarifa kwa barua. Sheria inataka taarifa isiyopungua saa 48 kwa mikusanyiko na maandamano, na hata kama mnaona nyie sio maandamano, watu 20 waliovaa sare wakitembea kimya kutoka sokoni kwenda baharini, askari aliyeko doria anaona nini? Tusisahau tuko Mtwara. Vurugu za 2013 za bomba la gesi watu hawajazisahau, raia hawajazisahau na polisi hawajazisahau. Kundi lisiloeleweka linaleta wasiwasi haraka hapa kuliko sehemu nyingine. Barua iwe fupi: sisi ni kina nani, tutakuwa wapi, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, spika ipo au haipo, namba ya simu ya kiongozi. Nakala yenye muhuri atembee nayo mtu mmoja siku hiyo, sio iwe kwenye simu ambayo chaji imeisha. Na maeneo ya bandari na mitambo ya gesi msiyaguse wala msiyapige picha.

Sasa ruhusa ya mdomo. Hii ndo inaamua kama mtamaliza onyesho. Kwenye mialo ya samaki kuna BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia uvuvi, anzeni na viongozi wao. Stendi kuna viongozi wa bodaboda na wapiga debe. Sokoni kuna mwenyekiti wa soko. Mnakwenda wawili au watatu, sio kundi zima, mnavaa vizuri, mnaanza na shikamoo, mnakaa mkiambiwa mkae. Halafu msielezee sanaa. Elezeni mtafanya nini kwa macho.

"Shikamoo mzee. Sisi vijana wa hapa hapa Magomeni. Jumamosi tunataka kubeba barafu tupite nayo hapa katikati, dakika 20 tu, hatuuzi kitu."

"Marahaba. Barafu ya nini sasa?"

"Ni mchezo mzee, watu waangalie."

"Mkiziba njia ya mkokoteni mimi simo."

Hapo ameshawapa ruhusa na sharti. Andikeni: njia ya mkokoteni. Mkienda kuongea sijui dhana, sijui ujumbe wa mabadiliko ya tabianchi, mzee atasema njooni kesho na kesho yake njooni wiki ijayo.

Hatua ya 3: Tengenezeni kazi inayotoka hapo hapo

Nirudi kwenye hiyo barafu mana ni mfano mzuri. Kuna msanii anaitwa Francis Alÿs, Mbelgiji anayeishi Mexico, 1997 alisukuma bonge la barafu barabarani Mexico City kwa zaidi ya masaa tisa mpaka likayeyuka lote. Basi. Hakuna maneno, hakuna muziki. Kila aliyepita alijua maana yake kwa namna yake, kazi nyingi matokeo hakuna, na nani hajawahi kuishi hivyo.

Ukiichukua ile kama ilivyo ukaileta Feri utachekesha watu halafu watakukasirikia. Kwa nini? Kwa sababu Feri barafu ni mtaji. Mama mwenye beseni la samaki akiona vijana sita wanaburuta barafu juani iyeyuke bure, wakati yeye vibua vyake vinaanza kulegea na bado hajapata mteja, atawauliza nyie mna akili kweli? Na swali lake ndo onyesho lenyewe. Kwahiyo mnaijenga kuanzia hapo: mnagandisha barafu kwenye ndoo za lita 20, nne hivi, mnazibeba mkitoka upande wa barabarani kuelekea majini, mnapishana, mnapokezana, mikono inaganda mnabadilishana, maji yanawatiririka, na hamsemi neno. Mwisho hamjauandika. Mwisho ni pale muuza samaki wa kwanza atakaponyoosha beseni lake akasema leta hapa. Mnavunja mnamgawia, mnagawa mpaka inaisha. Kama hakuna anayenyoosha beseni mnafika majini mnaiacha. Maonyesho mawili ndani ya moja, na wanaoamua ni wenye soko.

Ushauri wa vitendo kwenye hilo: gandisheni kwa maji safi mana itakaa na samaki wa watu, shikeni kwa vipande vya gunia sio mikono mitupu, na sakafu ya Feri inateleza, mtu asivae ndala.

Mfano mwingine. Trisha Brown, mcheza dansi wa Marekani, 1971 aliwaweka wachezaji juu ya mapaa ya majengo New York, mmoja anafanya mwendo, wa paa linalofuata anauiga, wa mbele yake anamuiga huyo, mwendo unasafiri paa kwa paa na unafika umeharibika kidogo kama stori ya umbea. Kwetu mapaani hapana, bati la Mtwara saa sita litakukaanga. Lakini mchanga upo. Maji yakitoka Mikindani au Shangani pwani inakuwa uwanja mrefu kweli, na wanawake wanaingia humo kutafuta chaza na pweza. Ombeni mmoja wao awafundishe, yani ule mwendo wa kuinama, kuchokoa na mti kwenye tundu, kusubiri, kuvuta kwa ghafla. Wekaneni hatua 50 50 kutoka mtu hadi mtu, mwendo uanzie kwa mama mwenyewe aliye kule mbali, uje mpaka kwa kijana aliyesimama barabarani karibu na bodaboda. Mlipeni huyo mama kama msanii, sio soda.

Hapo mnaona nachosema? Wazo linaweza kutoka popote, mwili wake uwe wa hapa.

Hatua ya 4: Mapiko na heshima zake

Lazima nilisemee mana kila kikundi kipya kinataka kuvaa kinyago. Sisi huku tuna mapiko ya Wamakonde, na ukiangalia vizuri ile ni sanaa ya hadharani kabla hatujaletewa jina: uwanja wa vumbi, duara la watu, ngoma, anatoka mtu na uso wa mti anakimbiza watoto, anacheka na wazee, anaigiza askari au bibi mzee, watu wanamjibu. Hakuna kiti wala tiketi. Kila mbinu mnayohitaji ya kushika umati wa kusini ipo humo, nendeni Newala au Tandahimba mkaangalie kipindi cha jando na unyago mjifunze anavyoingia, anavyosimama ghafla, anavyorudi nyuma ili wamfuate.

Ila kinyago chenyewe kina wenyewe. Aliyevaa hatakiwi kujulikana, na mambo yake yanafundishwa jandoni. Mkinunua kwa wachongaji mkaenda kukivua katikati ya soko mbele ya kina mama ili muonekane wa kisasa, mtakuwa mmewavunjia watu heshima na mtapigwa maneno mpaka muhame. Chukueni mbinu, uso tengenezeni wenu, wa boksi, wa makuti, wa gunia la korosho. Kama mnataka lipiko lenyewe, yani kinyago chao cha mapiko, basi nendeni kwa wazee, mkubali na jibu la hapana.

Na kujipaka chokaa mwili mzima, sitaki hata kuongea sana. Saa moja jioni, kichochoro cha Mikindani, mtu mweupe amesimama kimya. Utaitwa jini, na wa kisasa watakuita frimasoni, wote watarusha mawe.

Hatua ya 5: Saa na tarehe

Kama kazi ni ya mchangani tarehe inapangwa na mwezi, sio nyie. Bamvua kubwa zinakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwahiyo siku za kuzunguka tarehe 1 na 15 za Kiislamu maji yanatoka mbali kabisa, na pwani yetu siku hizo kupwa kunaangukia kama saa nne saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata inasogea mbele karibu dakika 50. Muulizeni mvuvi athibitishe, halafu mmalize kabla maji hayajageuka mana yakirudi yanarudi haraka na yanapitia mikondo nyuma yenu. Viatu muhimu, yeboyebo zinatosha, kuna miiba kule.

Upepo wa kusi ukivuma, katikati ya mwaka, nguo ndefu na mabango yanapeperuka hovyo na sauti inaondoka nayo. Adhana ikianza nyamazeni, spika zima, hili halina mjadala, na Ijumaa mchana msipange kabisa. Ramadhani mchana pia acheni, watu wana kiu halafu nyie mnabeba barafu.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, ni mtamu na mgumu. Pesa ipo, watu wako kwenye maghala na vyama vya msingi wanasubiri mizigo yao na malipo, wana muda wa kuangalia. Lakini wana hasira pia bei ikiwa mbaya, na kazi yoyote inayochekesha kuhusu korosho siku ya mnada mbovu itageuka mkutano wa hadhara. Pimeni.

Hatua ya 6: Nani anafanya nini

Wanaoonekana wakiwa sita, wasioonekana wawe angalau wanne. Mmoja wa muhuri na barua, huyu ndo anaongea na askari na mgambo, avae kawaida, asiwe na jazba. Mmoja au wawili wa duara, kazi yao kuacha njia wazi na kuwatoa watoto mbele ya visu na pikipiki. Na mmoja wa pembeni ambaye mimi naona ni muhimu kuliko msanii yeyote: anasimama katikati ya watazamaji kama mtazamaji, mtu akiuliza hawa wanafanya nini, anajibu "hata mimi nashangaa, wewe unaonaje?" Hapo mazungumzo yanaanza. Msimpe mwongeaji sana hiyo nafasi, ataanza kutoa hotuba.

Mpiga video abaki mmoja. Mkiwa na simu sita hewani watu wanajua ni vichekesho vya mtandaoni na wanaanza kupozi, na muuza samaki hajakubali sura yake iende TikTok. Muulizeni kabla, au pigeni kutoka nyuma yake.

Hatua ya 7: Mazoezi

Fanyeni nusu uwanjani kwenu na nusu pale pale, saa ambayo pamepoa, bila mavazi, mtembee tu njia nzima mara kadhaa. Wenyeji wakizoea sura zenu mmemaliza robo tatu ya kazi. Zoezi moja la lazima: nusu yenu wafanye onyesho, nusu wawe wasumbufu, mlevi anayeingia kucheza, mtoto anayevuta nguo, mama anayetukana, bodaboda anayepiga honi. Jizoezeni kuwachukua ndani badala ya kuwafukuza. Mlevi mpeni kitu abebe. Kweli, atakibeba kwa heshima kuliko nyie.

Kubalianeni ishara ya kuacha. Filimbi, mlio mrefu mmoja, kila mtu anaweka chini alichoshika na kutoka kwa kutembea, hakuna kukimbia. Ukikimbia Feri watakudhania kibaka.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fikeni mapema, salimieni wale wale mlioongea nao, muulizeni mzee wa mkokoteni kama kuna kilichobadilika mana inawezekana kuna msiba mtaani, na kama kuna msiba mnaahirisha mnakwenda kuzika. Ingieni bila tangazo. Mkianza na "ndugu wananchi tunaomba usikivu" mmeshaua, watu wanasubiri kuuziwa dawa.

Dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Watu wana kazi.

Pesa: kupitisha kofia kunakubalika huku, watu wamezoea kutunza kwenye ngoma, atakuja mtu kukubandika noti kwenye paji la uso katikati ya kazi, mpokee kwa staha endelea. Ila msipitishe kofia kwenye kazi ambayo wauzaji ndo wamekuwa sehemu yake, hapo nyie ndo mnadaiwa. Bango dogo la lipa namba kwa mtu wa barua linatosha. Kwa mtaji wa kikundi jisajilini halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inatenga 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa wenye ulemavu, lakini ni mkopo na onyesho la barafu halirudishi mkopo, kopeni kwa kitu kinachoingiza, spika za kukodisha labda.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Okoteni kila kipande cha gunia, mwageni maji sakafu mliyochafua, rudisheni ndoo za watu zikiwa safi. Kesho yake warudi wawili, wanunue samaki kwa bei ya kawaida bila kuomba punguzo, wakae waulize watu walionaje. Msijitetee. Mtaambiwa mlichelewa, mlikuwa wachache, yule mrefu alikuwa anacheka cheka, na kwa nini hamkupita upande wa wapara samaki. Andikeni yote, na la wapara samaki mlianzie hapo hapo mana hiyo ni oda.